Waya Usiofungwa Uzi

Nchelenge, upande wa Kashikishi
Mwezi wa mvua nyingi

Kwako kaka yangu mkubwa, Yaya Kalenga,

Kabla ya yote usishangae mwandiko. Ni mimi Ngoy, mdogo wako wa mwisho, ninayeandika kwa mkono wa kushoto, na herufi zinatambaa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Mkono wa kulia umefungwa vipande vya mbao na unaning'inia shingoni kwa kitenge cha mke wangu. Feza alitaka kuniandikia, nikakataa. Humu mna maneno ambayo yeye mwenyewe hajayasikia bado.

Mu hali gani hapo Lubumbashi? Kifua cha mama kimepoa, au bado anakohoa akipuliza makaa? Shemeji naye, nasikia ni mjamzito tena. Mungu amfikishe salama. Wachuuzi wa samaki wanaopita Kasenga wananiambia umeme kwenu unakatika kila siku, na kwamba wewe unapasha chuma cha kulehemu kwenye jiko la makaa. Niliposikia hivyo nilicheka peke yangu, kwa sababu nakujua, huwezi kukaa mikono mitupu hata siku moja. Sisi huku tuko hai. Vita vya kwetu vinaendelea ng'ambo ya ziwa, na kila juma mitumbwi inashusha watu wenye vidonda na vichwa visivyo na mzigo, lakini vita hivyo havijavuka maji. Mkono huu haukuvunjwa na askari.

Najua habari imekutangulia. Kuna mtu wa Kasenga aliondoka hapa siku ile ile, na mdomo wake haujui kupumzika. Bila shaka amekuambia Ngoy amepigwa kwa uchawi. Kaa chini Yaya, nikueleze ilivyokuwa, kisha unihukumu wewe mwenyewe, maana wewe ndiye uliyenifundisha kazi.

Unaikumbuka ile mashine ya spika tano uliyonipa nikiondoka. Spika mbili mbele, moja katikati yao, mbili ndogo ukutani nyuma. Niliifunga kwenye ukumbi wangu wa video karibu na soko, nyumba ya tofali za udongo na bati juu, mabenchi kumi na mawili. Watu wa hapa hawakuja kuona picha, Yaya, walikuja kusikia. Risasi inapita kutoka mbele hadi nyuma, wanainama wote. Mvuvi mmoja alitoka nje katikati ya picha kutafuta pikipiki iliyompita mgongoni, akarudi amelowa, akaniambia dereva amekimbia. Nilijivuna sana, sikufichi. Hata panya walipokula waya wa spika ya nyuma ya kulia, nilisema ile ya kushoto inatosha.

Jirani yangu ni mzee anayeitwa Mwape. Ana nyavu nyingi kuliko mtu yeyote kutoka hapa hadi Kabuta, na anazianika nyuma ya ukumbi wangu. Ni mtu wa kiburi, mchoyo wa salamu. Siku moja alikuja sokoni akanikuta nikinunua mafuta ya jenereta, akanipiga kofi mbele ya wanawake wauza samaki, sikio likalia hadi jioni.

“Mukongomani,” akaniambia, “ulikimbia masasi kwenu, sasa unatuletea masasi huku. Ile makelele yako inafukuza samaki. Siku moja nitakata bile biwaya yako bote na panga.”

Mgeni hana kofi la kurudisha. Lakini nililiweka moyoni, na kila nilipomwona akipita na fimbo yake sikio lilinikumbusha. Shika hilo Yaya, kwa sababu ndilo mzizi wa yote.

Mwape ana dada, mwanamke mpole, mtengeneza nyavu. Hapa mama huitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza, kwa hiyo yeye ni Bana Chilufya. Amefanya biashara ya samaki na watu wetu miaka mingi na, kama wengi wa ufuko huu, Kiswahili chake ni kama cha kwetu. Huyo Chilufya, mwanawe, alikuwa mvuvi na kiongozi wa kwaya, kijana ambaye hata mimi nilimpenda. Alikuwa akivua kwa nyavu za mjomba wake Mwape, na siku chache kabla ya kufa walikuwa wamegombana juu ya wavu uliochanika, wakatukanana ufukweni watu wote wakisikia. Kisha Chilufya akatoka ziwani peke yake na hakurudi. Siku ya tatu walimpata karibu na Kabuta, amevimba, uso umeliwa, miguu yake imezungukwa na wavu wa Mwape mara nne. Nilisaidia kumtoa majini. Ngozi ilibaki mikononi mwetu.

Sasa uijue desturi ya huku. Kijana akifa, jicho la kwanza linamwangukia mjomba, ndugu wa mama, wanayemwita Yama. Na zamani walikuwa na njia ya kuuliza: vijana wanabeba jeneza mabegani, na jeneza lenyewe, wanasema, linawasukuma linakotaka, hadi linagonga mlango wa aliyeua. Aliyegongwa hana wa kumtetea. Askari wamekataza, na kanisa limekataza. Siku ya maziko vijana walijaribu. Jeneza likaanza kuyumba kuelekea nyumba ya Mwape, na mzee wa kanisa akajilaza chini njiani mbele yao na kusema wampite juu ya tumbo. Wakasimama. Wakamzika Chilufya pasipo kuuliza. Lakini nyuso zao niliziona, walikuwa na njaa ya ishara.

Jana yake, mdogo wa marehemu, Kabaso, alikuwa amekuja kwangu na kaseti. Chilufya alipokuwa kambi ya uvuvi kisiwani Kilwa, humu ziwani kwetu, alikuwa akimtumia mama yake salamu kwa kaseti, kwa kuwa mama hajui kusoma. Kabaso aliomba niipige baada ya maziko, mama asikie sauti kwa mara ya mwisho. Nikakubali. Ila deki yangu ya kaseti ilikuwa mbovu miezi mingi, mimi natumia video tu; kile kichwa kidogo kinachosoma utepe kilikuwa kimeliwa na kutu. Nikang'oa kichwa kutoka redio moja iliyokufa, nikakilehemu.

Hapa ndipo utakaponipiga wewe, Yaya. Waya nne nyembamba, mbili za kushoto, mbili za kulia, zote nyeusi. Na wewe umeniimbia tangu nikiwa na miaka kumi na mbili: rangi ikikosekana, funga uzi wa alama kabla ya kukata. Uzi ulikuwepo, mwekundu, wa Feza, juu ya cherehani hatua tatu kutoka nilipokaa. Sikuinuka. Nilikata, nikakisia, nikalehemu. Nikajaribu kwa kisikilizio cha sikio moja, ikaimba vizuri, nikalala.

Nilikuwa nimegeuza waya mbili za upande mmoja. Unajua mashine ile inavyofikiri. Inalinganisha kushoto na kulia, kama mtumbwi wenye wapiga kafi wawili: wakipiga mbele wote, unaenda mbele, na sauti inatoka katikati. Mmoja akipiga kinyume, mtumbwi unageuka, na sauti yote inapelekwa nyuma. Kaseti ya Chilufya ilirekodiwa kwa redio ya kipaza kimoja, kushoto na kulia sawasawa kabisa. Ukigeuza upande mmoja, hakuna hata neno moja litakalobaki mbele.

Walipotoka makaburini mvua ikaanguka. Watu wakajaa ukumbini kwangu, wengine wamesimama. Wazee wa ukoo walipewa benchi la nyuma, kwa heshima, waegemee ukuta. Mwape alikaa pembeni kushoto. Juu ya kichwa chake, kiasi cha mkono mmoja, ilikuwepo ile spika ndogo, moja tu iliyobaki hai nyuma.

Nikabonyeza. Mbele kimya. Kisha Chilufya akasema kutoka ukutani, juu ya mjomba wake, kwa Kibemba, polepole: “Mama, ni mimi. Nimekula. Maji ni mengi lakini samaki nao ni wengi.”

Watu wote waligeuka. Mwape naye aliinua uso kutazama juu, na nadhani kule kutazama ndiko kulikommaliza, maana alionekana kama mtu aliyeitwa. Kabaso alisimama juu ya benchi.

“Sikieni,” akasema. “Balikataza jeneza. Sasa yeye mwenyewe eko anasema pa kichwa ya Yama.”

Nitakuandikia walivyofanya kwa sababu niliyatazama yote. Walimvuta kwa miguu, kichwa kikagonga mabenchi moja moja hadi mlangoni. Nje, kwenye matope, walimpiga kwa makafi ya mitumbwi. Kafi ina ubao mpana, ikipigwa bapa inalia kofi, ikipigwa kwa ukingo inakata. Walianza kwa bapa wakaishia kwa ukingo. Mguu wake wa kushoto ulivunjika chini ya goti, niliuona ukipinda mahali ambapo mguu hauna kiungo. Jicho moja lilipasuka. Alikuwa akisema jambo lile lile tena na tena kwa Kibemba, “mwana wa dada yangu, mwana wa dada yangu,” hadi mdomo ukajaa. Wengine walikimbilia nyumbani kwake, wakarundika nyavu zake ndani, wakamwaga mafuta. Mafuta yangu, ya jenereta. Nyavu za nailoni zinanuka vibaya zikiungua, na mvua haikuuzima ule moto. Walimfunga kamba wakaanza kumburuta kuelekea majini. Waliomwokoa ni wanawake wa kanisa, walimwangukia wakamfunika kwa vitenge vyao na miili yao, na hakuna kijana aliyethubutu kumpiga mama yake mgongoni. Wakampeleka nyumbani kwa mzee wa kanisa. Vijana wakasema, vema, tutasubiri siku ya kufagia majivu ya msiba, siku ya nne. Msiba ukiisha, wanawake watarudi makwao, na sisi tutammaliza.

Na mimi? Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya meza yangu, nikitazama kupitia mlango uliobaki wazi.

Siku mbili sikufungua ukumbi. Feza aliniuliza kwa nini sili, nikasema malaria. Usiku wa pili nilifungua deki, nikatazama zile waya nne, nikajua kwa macho nilichokuwa nimekijua kwa masikio. Nikafunga uzi mwekundu kwenye ile iliyokosea, nikiwa nimechelewa kiasi cha mzee mzima aliyevunjwa.

Asubuhi ya siku ya tatu Bana Chilufya alikuja mwenyewe. Macho yalikuwa makavu, mekundu, na nguo zake zilinuka moshi wa nyumba ya kaka yake. Hakukaa.

“Fundi,” akasema, “nakuuliza vile mama anauliza mutoto. Ni Chilufya alisema pale, ao ni kintu yako?”

“Mama, ni kintu yangu. Nilifunga fil, waya ya ndani, mubaya.”

“Unaweza kuonyesha batu?”

“Naweza.”

“Basi onyesha leo. Kesho batamuua, na miye nitakuwa nimezika babili. Haiko mutu mwingine ataniita dada hapa duniani.”

Alikwenda akawakusanya mwenyewe. Walikuja mchana, jua linawaka, wengi kuliko siku ya kwanza, Kabaso mbele na kafi yake ambayo hakuwa ameiosha. Nilikuwa nimeifungua deki na kuzichomoa zile waya mbili, nikaziacha wazi, ili nizigeuze kwa vidole mbele ya macho yao. Nikawaeleza. Nikawaonyesha uzi mwekundu. Nikasema uzi ukikaa huku, sauti itatoka mbele. Ukihamia kule, itatoka nyuma. Haina mutu, haina kivuli, ni fil tu. Nikawaeleza na habari ya wapiga kafi wawili. Wazee wengine wakatikisa kichwa wakikubali.

Lakini nilipokuwa nikisema nikaona jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Nikisahihisha waya, sauti itatoka kwenye spika ya katikati, mbele. Na yeyote aliyekaa mbele, Chilufya atasemea juu ya kichwa chake. Benchi la kwanza lilikuwa limejaa watoto na wajane. Nikaomba waondoke wote, warudi nyuma. Wakaondoka. Kabaso akauliza kwa nini.

“Ju sitaki museme ni mumoja wao,” nikamjibu.

“Sasa nani atakaa pale?”

Nikavuta kigoda changu nikakaa mwenyewe, mgongo kwenye spika, uso kwao. Nilidhani wataona. Nilidhani hata watacheka, kwamba Fundi ametumia kichwa chake kama kigingi. Nikanyoosha mkono, nikazisokota waya, uzi upande sahihi, nikabonyeza.

“Mama, ni mimi. Nimekula,” akasema Chilufya nyuma ya shingo yangu, karibu mno, nikasikia hata alivyomeza mate.

Hakuna aliyecheka. Yaya, sijawahi kuogopa vile hata siku tuliyopita kwenye vizuizi vya askari. Niliona nyuso zikifunguka, si kwa kuelewa jambo la waya, bali kwa kuelewa jambo lao.

“Kumbe beko babili,” Kabaso akasema, taratibu kabisa, kama mtu anayehesabu. “Yama na huyu Mukongomani. Njo mana anamutetea.”

Sikufika kuzigeuza waya. Nilinyoosha mkono wa kulia kuelekea deki, nao ndio uliopokea kafi ya kwanza, kwa ukingo. Nilisikia mfupa kabla ya kusikia maumivu. Ya pili ilinipata begani, ya tatu kinywani. Meno mawili ya mbele hutayaona tena ukiniona. Nikaanguka chini ya meza. Walikuwa wakinipiga teke mbavuni, mtu akasimama juu ya ule mkono uliovunjika akausaga kwa kisigino. Feza alikuwa akipiga kelele mlangoni, wamemshika. Na muda wote ule kaseti ilikuwa inaendelea, Chilufya akisalimia watu wa kwao mmoja mmoja, kwa furaha, juu ya kichwa changu.

Kisha akahama.

Alikuwa katikati ya neno. Nusu ya neno ilitoka mbele, nusu ikatoka ukutani nyuma. Mateke yakasimama. Nilifungua jicho moja nikaona miguu yote imegeuka kuangalia huko, na kando ya meza nikaona miguu mingine, midogo, yenye nyufa, ya mama. Bana Chilufya alikuwa amesimama kwenye deki, ameshika zile waya mbili kwa vidole. Vidole vya mtu aliyeunganisha nyavu maisha yake yote. Waya nyembamba kwake ni nini? Alikuwa amesikiliza maelezo yangu yote na kuyashika. Alizisokota vizuri, uzi mwekundu upande wa pili, akaziacha.

Akatembea katikati ya ukumbi. Walimpisha. Akafika benchi la nyuma, pembeni kushoto, mahali pale kaka yake alipovutwa miguu, akakaa, akaegemea. Sauti ya mwanawe ikawa juu ya kichwa chake kiasi cha mkono mmoja, ikisema asilie, mwezi ukiandama atakuja na kitenge.

“Sasa eko pa kichwa yangu,” akasema. “Kabaso, mutoto yangu, kuya. Leta ile kafi. Nipige na miye.”

Kaseti ikafika mwisho, ikabaki kuvuma tu. Kabaso alikalia sakafu, kafi magotini, akalia kwa sauti mbaya, ya mtu asiyejua kulia. Wengine wakatoka mmoja mmoja bila kutazamana.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, Yaya. Mwape amepelekwa hospitali. Mguu utaunga, jicho limekwenda. Ulimi haukwenda, maana ameshanitumia ujumbe kwamba akirudi anataka akute ukumbi wangu umehama. Kabaso ameondoka kwenda Kilwa na hajaniaga. Wako bado wanaovuka njia wakiniona, wanasema mwenye kuhamisha sauti ya maiti kwa uzi mwekundu ni mchawi mkubwa kuliko wote. Siwalaumu sana. Mateke yalivunja spika moja ya mbele, mashine nzima imebaki spika tatu.

Nisalimie mama, umwambie nimeanguka na baiskeli, ukweli utamwua kabla ya kifua. Msalimie shemeji, mjenzi wa tumbo. Msalimie baba mkwe wangu, fundi seremala, umwambie binti yake alipigania mlango na watu watatu. Msalimie na dada yetu Kyungu, muuza maandazi, akupe mawili uyale kwa niaba yangu, nikipata meno nitamrudishia shukrani.

Sasa neno ambalo Feza hajalisikia.

Bana Chilufya anakuja kila siku na uji, kwa sababu siwezi kutafuna. Jana alikaa mkekani akaniuliza, bila hasira, akikoroga: “Fundi, ile siku ya kwanza, beye ulijua?”

Nikamwambia sikujua. Nikamwambia nilijua baadaye, nilipofungua deki.

Akashukuru Mungu kwa ajili yangu. Alinishika kichwa kwa mikono miwili akasema mimi ni mtoto wake sasa, nimevunjwa mkono kwa ajili ya kaka yake. Kisha akaninywesha.

Yaya, nilijua. Kabla Chilufya hajamaliza kusema “ni mimi,” nilishajua ni waya. Nani kama mimi anaijua mashine ile? Kwenye uso wake kuna swichi ndogo, unaijua, upande huu spika tano, upande ule mbili za mbele tu. Kidole changu kilikuwa juu yake. Nilipaswa kusukuma tu, sauti ingeruka mbele na kila mtu angeona. Nami nikamtazama Mwape akiinua uso, nikalikumbuka kofi, na nikaona utamu moyoni. Nikasema ngoja kidogo, aonje. Nilingoja hadi mlangoni. Nilingoja hadi matopeni. Baadaye ilikuwa hofu, lakini mwanzoni haikuwa hofu, na mkono uliovunjika ndio ule ule.

Sikuandikii ili unijibu nifanye nini. Ninajua ungesema nini. Nimekuandikia kwanza kwa sababu kwako nimezoea kukubali kosa, na nilitaka kinywa kijifunze njia. Mchukuzi wa barua anasubiri ufukweni, na ninasikia Feza huko nje anamkaribisha Bana Chilufya, ametua sufuria. Atanishika kichwa aninyweshe kama jana. Leo nitamwambia kabla sijafungua mdomo kwa uji.

Ni mimi mdogo wako, uliyemfundisha kufunga uzi,
Ngoy